Msingi wa siku ile

Wadogo zangu mlioingia dawati la malalamiko: wiki hii barua tatu zimerudi kwa makosa yale yale, na nyuma ya kila barua kuna mtu aliyevuka feri ya Likoni na bahasha ya stetimenti kwapani. Someni haya kabla hamjafungua faili nyingine.

1. Ombudsman wa Kenya, yaani Tume ya Haki ya Utawala, husikiza malalamiko dhidi ya ofisi za umma. Benki ya kibinafsi si yake. Uingereza wana mmoja wa huduma za fedha: kampuni hupewa wiki 8 kujibu, kisha mlalamishi ana miezi 6 ya kumwendea. Kwetu milango ni mingi: kwa benki, nenda Benki Kuu; kwa bima, IRA, yaani mamlaka inayosimamia bima; kwa sacco, Mahakama ya Vyama vya Ushirika. Anzeni kwa kampuni yenyewe, kwa maandishi.

2. Riba. Hapa jamani mnaniumiza moyo. Mnaandika "riba imezidi mkopo". Mkopo upi? Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki hakipimi kwa pesa alizokopa mtu, kinapima kwa msingi, yaani deni lenyewe bila riba, uliobaki siku mkopo ulipokuwa mbovu, yaani ulipofikisha siku 90 bila kulipwa. Mama wa Kongowea amekopa Sh300,000, amelipa vizuri mpaka msingi ukabaki 180,000, biashara ikayumba, siku 90 zikapita. Kipimo chake ni 180,000. Riba isizidi hapo, jumla 360,000, na juu yake gharama za kudai deni. Ukishika 300,000 umeiachia benki riba ya 120,000 zaidi, tena kwa barua yenye muhuri wetu, na benki haitakusahihisha. Kwa hiyo tandaza stetimenti mezani, tafuta awamu ya kwanza iliyokosekana, hesabu siku 90, piga mstari mwekundu, andika pembeni msingi wa siku ile. Kama alirudi kulipa akakwama tena, unashika mara ya mwisho mkopo ulipoharibika. Na uliza kama kuna hukumu: riba inayotokana na amri ya mahakama haizuiwi na kifungu hiki. Swali hilo hamliulizi, kisha mteja anajengewa matumaini bure.

3. Ripoti ya CRB, ofisi inayotunza rekodi za mikopo ya watu, ni bure mara moja kwa mwaka. Mwambieni aichukue.

4. Fomu ya bima yenye "malipo kamili na ya mwisho" isitiwe sahihi kabla hamjaisoma naye, neno kwa neno, kwa Kiswahili. Akishatia, kudai kilichobaki ni kazi ngumu mno.