Vipi kama Jamaika nayo ingeasi 1776?

Maswali yamekuwa mengi kuhusu visiwa vya Karibi na vita ya Wamarekani kumkataa Mwingereza, haya twende.

Kwani makoloni ya Mwingereza kule Amerika hayakuwa 13 tu?

Hapana, yalikuwa zaidi ya 20. Yaliyoasi ndio 13, ila Jamaika, Barbados, Antigua na wenzao wakabaki na mfalme George wa Tatu.

Walibaki kwa nini, waoga?

Woga upo ila sio wa Mwingereza. Jamaika ilikuwa na watumwa zaidi ya 200,000 na wazungu hawafiki hata 20,000, sasa wewe setla utamfukuzaje askari wa mfalme wakati yeye ndo anakulinda usiku na watu uliowachapa viboko mchana? Desemba 1774 baraza lao lilimwandikia mfalme kuwatetea Wamarekani, halafu humohumo kwenye barua wakajieleza kwamba wao wanyonge, wazungu wachache, watumwa kibao, wala hawafikirii kupigana. Na hofu yao haikuwa ya bure, maana Julai 1776 kule Hanover, wilaya ya Jamaika, askari walipokuwa wanaondolewa kupelekwa Marekani watumwa wakapanga kuinuka, bahati mbaya siri ikavuja.

Tuseme wameasi, wangeshinda?

Sioni. Unga, mahindi na samaki wa chumvi vyote vilikuja kwa meli kutoka Marekani, manowari za Mwingereza zikifunga bahari mmekwisha. Hata bila kuasi njaa iliua maelfu ya watumwa Jamaika miaka ya 1780. Labda wangewahi kuteka bandari za Port Royal ya Jamaika na English Harbour ya Antigua, manowari zilikokuwa zinakarabatiwa, hapo kidogo ningewapa nafasi.

Watumwa wangekuwa huru mapema?

Kwa wale mabwana? Thubutu! Sheria ya Uingereza ya kufuta utumwa ilianza 1834, Marekani mpaka 1865, na Jamaika ikiwa ndani ya Marekani wenye watumwa wangezidi nguvu bungeni. Ila mi nadhani watumwa wenyewe wasingengoja. Mtumwa mmoja, Tacky, alishaongoza uasi Jamaika 1760, na jirani zao Haiti walianza 1791, wakajitangazia uhuru 1804. Ondoa jeshi la mfalme uone.

Hakuna kisiwa kilichosaidia waasi kweli?

Bermuda, ingawa wenyewe wako mbali kaskazini sio Karibi. Agosti 1775 watu wa huko walitoboa paa la ghala la baruti mjini St. George's usiku, wakabingirisha mapipa mpaka kwenye boti yakaenda kwa Wamarekani, ili wao waruhusiwe kuendelea kununua chakula, na nyumba ya gavana wala haikuwa mbali na hapo.