Nilimwita Jenzii, nikampoteza fundi

Wiki iliyopita msomaji mmoja mwenye duka la vitambaa aliniandikia ujumbe mrefu. Ana vijana wawili dukani, wa kizazi hiki kinachoitwa Jenzii (Gen Z), na wamemshinda. "Hawa Jenzii unaishi nao vipi?" akauliza. "Ukimkaripia anaondoka, ukimnyamazia anakupanda kichwani." Niliusoma ujumbe ule mara tatu. Mwaka 2024 ningeweza kuuandika mimi, neno kwa neno.

Nina karakana ya kushona sare za shule hapa Nakuru: vyerehani sita, ovaloki mbili, na gari kuukuu aina ya Probox la kupeleka mzigo. Wakati huo nilikuwa na mwanagenzi wa miaka 22, binti mwenye mkono mwepesi ajabu. Akishaweka kola, huna haja ya kuikagua.

Mswada wa Fedha wa mwaka huo, wenye kodi mpya za serikali, ulipotoka, alikuwa akiusoma kwenye simu saa ya chai. Vijana walikuwa wanaueleza kwa video fupi, kwa Kiswahili na kwa lugha za nyumbani, na yeye hakupitwa hata na moja. Siku moja akaniletea simu mezani, mimi nimeshika chaki nachora suruali. "Fundi, umesoma hapa?" Ilikuwa kodi ya magari: asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka, isiyopungua shilingi 5,000. Alikuwa anaipigia hesabu Probox yangu. Yeye mwenyewe hakuwa hata na baiskeli.

Nikamjibu mbele ya wenzake wote: "Nyinyi Jenzii mnaijua simu kuliko sindano. Rudi kwa cherehani."

Juni 18 kodi ile iliondolewa kwenye mswada, pamoja na ile ya asilimia 16 kwenye mkate, kwa sababu ya kelele za hao hao vijana. Sikumwambia asante. Jumanne ya Juni 25 hakuja kazini. Ndiyo siku waandamanaji walipoingia Bunge na watu wakapigwa risasi. Kesho yake rais akatangaza kwamba hatautia saini mswada. Binti alirudi Alhamisi, macho mekundu, nikamwambia malipo ya wiki hiyo ayasahau. Hakubishana. Aliweka mkasi mezani, akakunja aproni yake mara mbili, akaiweka juu ya mkasi, akaenda. Shilingi 2,800 zake zikabaki mfukoni mwangu.

Kilichoniuma baadaye ni kwamba maneno yale hayakuwa yangu. Niliyarithi. Mwaka 2004, nikiwa na miaka 20, nilijifunza kazi kwa fundi mmoja mkali wa suti. Nilipomwomba anifundishe kukata koti, alicheka. "Nyinyi kizazi cha dotcom mnataka vya haraka." Miaka miwili nikawa mtu wa kutia vifungo, kukunja pindo na kupiga pasi. Koti sikuwahi kulikata pale. Niliondoka na kinyongo, na bila kujua nikakibeba hadi kwenye karakana yangu.

Halafu kuna jambo lililonipata nilipofikisha miaka 35. Kampuni yangu ilikuwa imesajiliwa kama ya vijana, chini ya ile mipango ya serikali inayotenga asilimia 30 ya zabuni kwa vijana, wanawake na walemavu. Katiba yetu inasema kijana ni wa kuanzia miaka 18 hadi kabla ya 35. Kwa miaka yote hiyo benki zilikuwa zinaniambia mimi bado mdogo, sina hati ya shamba ya kuweka dhamana. Siku nilipotimiza 35 zabuni nayo ikaniambia mimi si kijana tena. Nikawa mzee kabla ya kuonja ujana. Vijana waliochukua zile zabuni niliwachukia, nawaambia ukweli, ilhali hawakuwa wamenikosea chochote.

Ndipo nikaanza kuona tunavyogombanishwa. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba Wakenya watatu kati ya wanne wako chini ya miaka 35. Miaka kumi kabla yake, 2009, umri wa kustaafu serikalini ulipandishwa kutoka 55 hadi 60, na vijana waliokuwa wakisubiri nafasi wakaongezewa miaka mitano ya kusubiri. Mzee aliyebaki ofisini hakuwa adui, alikuwa na karo za kulipa. Kijana aliyesubiri nje hakuwa mvivu. Lakini tukishaitana "wazee wasiotoka" na "Jenzii wasio na adabu", nani atauliza kwa nini nafasi hazikuongezeka? Wanasiasa wanayapenda sana majina hayo. Wenye matangazo pia, maana ni rahisi kumuuzia mtu kitu ukishampa jina.

Na majina yenyewe ni ya kuazima. Yametoka Marekani, kwa historia ya Marekani. Pew Research Center, kituo cha utafiti cha huko huko kilichowazoesha wengi kuwahesabu Jenzii kuanzia waliozaliwa mwaka 1997, kilitangaza mwaka 2023 kwamba kitakuwa mwangalifu zaidi kuyatumia. Mimi niliyekunywa maziwa ya Nyayo, yale ya bure shuleni, darasa la kwanza nina historia gani moja na mtu wa Chicago?

Sisi marika tulikuwa nayo, tena yenye kazi. Mteja wangu mmoja, mzee wa Kimaasai, alinieleza akisubiri suruali yake ipunguzwe. Rika jipya la morani haliachiwi rika lililo juu yake moja kwa moja, maana hao ndio wanaosukumana. Huwashiwa moto, kwa kupekecha vijiti, na rika la juu zaidi, wakiruka moja. Hao ndio walezi wao, wanaitwa olpiron. Wazee wale walijua kwamba wanaofuatana wataumana, wakapanga nani amshike mkono nani.

Basi ndugu yangu mwenye duka, ushauri wangu ni huu. Acha kuwaita Jenzii. Waite majina yao. Mpe kijana kazi ngumu mapema, si vifungo tu. Mlipe haki yake siku yake. Akikuonyesha kitu kwenye simu, weka chaki chini usome. Na mkishindwana, mtafutie mlezi aliyekuzidi wewe umri, usione haya. Kiburi chetu sisi wa katikati ndicho kinachowafukuza, na nasema hivyo nikiwa wa katikati.

Januari iliyofuata baada ya binti yule kuondoka, simu yangu ililia. Alikuwa yule fundi wangu wa zamani wa suti, sasa mzee wa miaka sabini na kitu, hatukuwa tumeongea tangu niondoke kwake. "Kuna binti wako hapa," akasema. "Alikuja Agosti. Nimemfundisha koti. Njoo uone mabega anavyoyaweka."

Nilienda na shilingi 2,800 kwenye bahasha. Nilimkuta ameinama juu ya kitambaa cha kijivu, pini tatu mdomoni, mzee ameketi pembeni akimshikia tepu. Nikamwomba radhi mbele ya mzee, kama nilivyomuaibisha mbele ya wenzake. Alitoa pini moja moja akazichomeka kwenye kifuko. Bahasha akaitia mfukoni bila kuhesabu.

"Fundi," akasema, "Probox bado inatembea?"