Meza ya watu kumi

Mama, meseji yako nimeiona, unauliza kama meza ya watu kumi unaweza kuitengeneza mwenyewe, maana bei waliyokutajia dukani imekutoa jasho. Unaweza. Ila usifanye nilivyofanya mimi.

Ile meza ya kwanza hapa Nansio, Ukerewe, sijui kama unaikumbuka, nilinunua mbao mbichi kisa bei, nikazipigilia misumari kwenye fremu chapchap, ikatoka nzuri mpaka mama yako akapiga vigelegele. Kiangazi kuingia tu ikapasuka katikati, nyie mkawa mnapitisha miiba ya sato kwenye ufa mnamlisha paka chini. Mbao inavimba na kunywea kwa upana, mvua na jua, sasa ukiibana kila mahali haina pa kwenda.

Kwa hiyo hela yako lipia ukavu, sio jina la mti. Mninga achana nao kwa sasa, paini ya Sao Hill inatosha kabisa. Igonge, kavu inalia, mbichi inaitika kizito. Na hata ukishanunua zilaze ndani wiki tatu hivi, weka vijiti katikati hewa ipite.

Za juu chukua mbao tano za inchi 2 kwa 8, urefu futi 12, kila moja kata futi 8. Vile vipande vya futi 4 usigawe kwa jirani wa kuni, ndo fremu za vichwani na miguu ya mabenchi. Ndiyo, mabenchi, viti kumi vinakula hela kuliko meza yenyewe, weka benchi mbili na viti viwili vya wazee. Mtu mmoja anataka kama sentimita 60, kwa hiyo kila upande watakaa wanne wakijibana kidogo, si ndugu hao. Miguu na fremu ndefu ni mbao nne za 2 kwa 4, mguu unagundisha mbili mbili unene uje. Kimo sentimita 76, benchi 45. Za kukalia tafuta mbao mbili za 2 kwa 10.

Kunyoosha usijitese na mkono, pitisha kwenye mashine ya randa, unalipa kidogo. Kuunganisha ni gundi ya mbao, na kama huna klempu za kubania kata mpira wa ndani wa tairi, zungushia ukaze, gongea kabari, acha mpaka kesho. Sasa hapa ndo penyewe: unapofunga uso wa meza kwenye fremu piga kwa chini skrubu yenye washa, kile kisahani cha chuma chenye tundu, na tundu la kwenye fremu lirefushe liwe kama punje ya maharage, upande ule mbao inakotanukia, skrubu ipate kusogea. Vanishi paka juu na chini pia, watu wengi wanaruka chini halafu meza inajikunja wanasema wamerogwa.

Miguu funga kwa bolti na nati, usigundishe kwenye fremu. Wewe unakaa Igogo huko Mwanza juu ya mawe, nani atapandisha meza nzima kwenye zile ngazi? Na mlango pima leo kabla hujanunua hata ubao mmoja.

Randa yangu ndogo ya kumalizia kona nampa kijana anayekuja na meli Jumamosi, kaipokee bandarini. Nataka irudi.

Baba