Kabla hamjauza ng'ombe mkanunua miwani inayosema

Juzi kijana mmoja wa Kasulu, haoni kama mimi, kaniandikia: "Kaka, wazee wamekubali tuuze ng'ombe wawili ninunue miwani ya akili mnemba. Nichukue?" Usiku ule sikulala. Mimi niliuza kiwanja cha Gungu.

Presha ya macho ilinikuta tayari nauza dagaa kwa jumla Kibirizi. Miaka ya kuzoea giza naiacha, hata kuisimulia inachosha. Binamu yangu wa Dar ndiye aliyeniagizia ile miwani. Unaweka noti mbele, inakunong'oneza sikioni ni ya shilingi ngapi, kwa Kiingereza cha puani. Wiki ya kwanza tu mteja kanipa noti, "Elfu kumi hiyo." Nikamrudishia: "Mzee wangu, hii elfu mbili." Meza zote za jirani zikaangua kicheko, na safari hii si kwa ajili yangu. Miezi 14 nilihesabu mauzo yangu mwenyewe. Waliosema nitafilisika wakaja kukopa kwangu. Ndiyo, najisifu.

Asubuhi moja ikagoma. Binti yangu akanisomea barua pepe: kampuni imesitisha huduma, ahsanteni kwa kuwa nasi. Kumbe akili haikuwa ndani ya miwani. Picha ilikuwa inasafiri kwa bando langu hadi kwenye seva zao, yaani kompyuta zao za mbali, maneno yanarudi. Wamezima seva, nimebaki na plastiki puani. Kiwanja kimeshasimama fremu tatu. Tukipita pale na bajaji, binti hunyamaza, nami najua tumefika.

Wapo walioumia zaidi. Second Sight ya Marekani iliwapandikizia watu zaidi ya 350 kifaa cha machoni cha kuwasaidia kuona kidogo, Argus II, kisha 2019 ikaacha kukitengeneza. Kikiharibika, fundi hakuna, na chenyewe kimo mwilini. Yangu angalau naivua.

Kwa hiyo, mdogo wangu, anza na vya bure. Simu yako ya Android ina TalkBack, inayokusomea kwa sauti kilichopo kwenye skrini. Kwenye kompyuta ya Windows weka NVDA, programu ya kazi hiyo hiyo, aliyoianzisha Michael Curran wa Australia mwaka 2006, naye haoni, alichoshwa na bei za programu za kulipia. Inasoma hata bando likiisha, na msimbo wake uko wazi, wengine wanaweza kuuendeleza. Be My Eyes nayo bure: tangu 2015 wanaoona wanajitolea kukusomea kwa video, na 2023 ikaongezwa akili mnemba. Ila hiyo inakula bando, jua hilo. Noti mimi siku hizi nazikunja: elfu kumi mara mbili, elfu tano mara moja.

Na mtu akikuletea kifaa, zima data mbele yake, kisha mwambie akiwashe. Kikinyamaza, unakodi, hununui. Tuache kushangilia kila kinachosema! Halmashauri zina mikopo, asilimia 2 ya mapato ya ndani ni ya watu wenye ulemavu. Jiungeni kikundi, mkope kwa biashara, si kwa kitu ambacho mtu wa mbali anaweza kukizima akiwa kitandani.

Zima data, jaribu, uniandikie imekuwaje. Ng'ombe wabaki zizini kwanza.