Mume ataka tuhamie Italia, na nyumba yangu niiuze

*Shangazi shikamoo. Niko Malindi, nimeolewa na Mtaliano huu mwaka wa tisa, alisilimu tukafunga ndoa kwa kadhi. Tuna watoto wawili, mkubwa miaka 8, mdogo 4. Mamake mume amezeeka na hajiwezi, anaishi karibu na Brescia, sasa mume ataka tuhame sote kabla shule za huko hazijafunguliwa Septemba. Asema niuze nyumba yangu ya mtaa wa Barani, hapa Malindi, niliyoijenga na pesa za saluni, tuanzie maisha. Mama yangu hajui bado. Nampenda mume wangu lakini usiku silali. Nifanyeje?*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu na kila nikifika kwa hiyo nyumba nasimama.

Kuhama kwenyewe sikukatazi. Mwanamume anayemkumbuka mamake ana utu, na sisi Malindi na Wataliano tumezoeana tangu miaka ya sitini walipokuja kurusha setilaiti kule Ngomeni, si watu wa kutuogopesha. Lakini nyumba usiuze. Mumeo akiwa si raia, katiba yetu ya 2010 inampa ardhi ya kukodi tu isiyozidi miaka 99, kwa hivyo hicho kiwanja chenye jina lako ndicho chenu nyote hapa, wewe, wanao, hata yeye mwenyewe siku akichoka na baridi. Tafuta mpangaji, kodi iingie kwa akaunti yako, hata ikiwa kidogo. Ukijua una mlango wako Barani utakaa huko kwa kupenda.

Nakwambia haya kwa sababu mtoto wa dadangu aliolewa ulaya, akauza kila kitu, mpaka kitanda cha mvule alichoachiwa na nyanyake. Mumewe hakuwa mbaya, alikuwa mtu wa mpango tu, pasipoti na vyeti vyote akaviweka kwa droo moja ya ofisini kwake na ufunguo akawa nao yeye. Siku waliyokosana yule msichana hakuwa na hata cheti cha kuzaliwa cha mwanawe. Kuna Disemba alinipigia saa kumi na nusu jioni kwa saa za huko kwao, akageuza simu dirishani, nje giza totoro na taa za barabara zimewaka, akaniambia mamdogo huku magharibi ishaingia na mie sijaongea na mtu tangu asubuhi. Sauti ile sijaisahau.

Kwa hivyo makaratasi yako yakae mkononi mwako. Anza na majina, manake hapa kwetu cheti cha kuzaliwa chaweza kusema Mwanaisha, kitambulisho Aisha, cha ndoa Mwanaesha, na ukifika ubalozini Nairobi ni kurudishwa. Sawazisha sasa. Hakikisha ndoa imesajiliwa na cheti unacho, na yeye aiandikishe kwao pia, bila hivyo huko utakuwa mgeni wa kawaida tu. Watoto wachukulie pasipoti za Kenya hata kama wana za Italia, kwa sababu wamezaliwa na Mkenya na ni Wakenya popote watakapokuwa. Wewe pia ukija kuchukua uraia wa Italia huupotezi wa Kenya. Mke wa Mtaliano akishaishi kule miaka 2 anaruhusiwa kuomba, na mkiwa na watoto muda unakatwa nusu, ila lazima upite mtihani wa Kitaliano wa kiwango cha B1, yaani uweze kujieleza mwenyewe kwa mambo ya kila siku, si kile cha ufukweni cha ciao ciao. Anza kusoma wiki hii, usingoje ndege.

Septemba naona ni mapema. Yeye atangulie akamwone mamake, na wewe uende na watoto likizo ya Disemba, na nasema Disemba makusudi, usikubali kupelekwa Julai wakati kila mtu yuko nje anakula aiskrimu. Ukaone shule, kule mtoto mgeni kwa kawaida huwekwa darasa la umri wake hata kama lugha haijui, sasa mkubwa wako lazima muanze kumtayarisha. Uliza msikiti uko wapi na madrasa ni siku gani, kaskazini kule wako Wamoroko na Wasenegali wengi, utapata wenzio.

Sasa kuna jambo ambalo hukuliuliza lakini ndilo naona linakunyima usingizi. Mamake hajiwezi, sawa, nani atamuogesha? Nani ataamka naye usiku, na mume ameenda kazini? Ikiwa hesabu yake ni wewe, aseme kwa mdomo wake, na wewe ujibu kwa moyo wako unaweza au huwezi, na saluni yako umeiweka wapi katika hiyo hesabu. Kumuuguza mkwe ni thawabu kubwa, lakini uambiwe mapema, usije ukajikuta umeshaifanya hiyo kazi mwaka mzima na hakuna aliyekuuliza. Mkalishe chini leo watoto wakilala, mzime simu nyote wawili, muongee hilo kwanza kabla ya tiketi.

Na mama yako mwambie wewe mwenyewe wiki hii. Nenda asubuhi kabla hajaenda sokoni, ukae naye jikoni, umwambie nyumba ya Barani haiuzwi na ufunguo mmoja utabaki kwake.