Mwenye Mtaji Anataka Malipo Maalumu Kila Mwezi: Je, Huu Ni Ushirika?

SWALI: Assalaamu alaykum sheikh. Mimi na mwenzangu tunaanzisha biashara ya programu za simu. Ujuzi tunao, mtaji hatuna. Ndugu mmoja Muislamu yuko tayari kutoa pesa zote, kwa sharti alipwe asilimia 2 ya mtaji wake kila mwezi, na biashara ikifa tumrudishie pesa zake kamili. Anasema huu ni ushirika wa halali. Je, inafaa?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullah. Haifai, ndugu yangu. Huo ni mkopo wenye nyongeza, yaani riba, hata ukiitwa ushirika.

Kinachowafaa ni mudharaba: yeye atoe mali, nyinyi mtoe kazi, na faida mgawane kwa sehemu mtakayokubaliana tangu mwanzo. Abdullah na Ubaydullah, wana wa Umar ibn al-Khattab, walikopeshwa mali ya hazina ya Waislamu na Abu Musa al-Ash'ari, gavana wa Basra kule Iraq, wakanunua bidhaa za huko, wakaziuza Madina wakapata faida. Umar, aliyekuwa khalifa, akadai mali na faida yote. Ubaydullah akamjibu kwamba mali ile ingepungua au kupotea, wangeilipa wao. Ndipo ikashauriwa ifanywe mudharaba, Umar akachukua mtaji na nusu ya faida. Tazameni hoja ya kijana yule: aliyebeba hatari ndiye mwenye haki ya faida. Ndugu yenu anataka faida, hatari awaachie nyinyi.

Basi angalieni neno moja katika mkataba: asilimia ya nini? Akiandikiwa asilimia 40 ya faida, mwezi usio na faida hapati kitu, kama nyinyi. Akiandikiwa asilimia 2 ya mtaji, mwezi mkavu atalipwa vilevile, kutoka kwenye jasho lenu. Mwanachuoni Ibn al-Mundhir amenukuu ijmaa, yaani makubaliano ya wanachuoni, kwamba mudharaba hubatilika mmoja akijishartia kiasi maalumu cha pesa.

Hasara ya pesa ni yake. Yenu ni kazi iliyopotea, na miezi ya kukesha bila mshahara si hasara ndogo. Mtalipa tu mkizembea au mkivunja masharti, mfano mkichota mtaji kwa matumizi ya nyumbani. Akishindwa kukubali hilo, awakopeshe bila nyongeza, mtaji wake urudi kamili.

Akihitaji pesa kila mwezi, achukue kama malipo ya awali, yatakayokatwa kwenye sehemu yake ya faida. Hesabu ikifungwa akaonekana amezidisha, arudishe.

Na mkitaka biashara iwe yenu baadaye, nunueni hisa zake kidogo kidogo, kwa bei ya siku ya kuuziana. Msifunge leo bei ya kumrudishia alichotoa, maana hapo dhamana ya mtaji imerudi kwa mlango wa nyuma.

Wallahu a'lam.