Maswali ya Wasomaji: Nauli za treni Ulaya kwa familia nzima

SWALI: Mhariri, salaam. Mwezi wa saba mimi na mke wangu tutakwenda Munich, Ujerumani, kwa dada yangu, pamoja na watoto wetu wa miaka 4, 9 na 13. Kutoka hapo tunataka kufika Vienna na Prague, kisha Berlin ambako tutapandia ndege ya kurudi. Nikitazama nauli za treni mtandaoni, leo ni bei hii, wiki ijayo nyingine. Nauli ipi ndiyo ya kweli?
Msomaji, Ujiji, Kigoma

JIBU: Zote ni za kweli. Sisi tumezoea kwamba tiketi ya Kigoma kwenda Tabora, ukiikata wiki mbili kabla au siku yenyewe, daraja ni lile na nauli ni ile. Treni za masafa marefu za Ulaya haziendi hivyo. Kila treni ina fungu la viti vya bei ya chini. Vikiisha, bei hupanda ngazi moja, halafu nyingine, hadi nauli kamili. Ijumaa jioni na Jumapili fungu hilo huisha mapema, wakati treni ya Jumanne au Jumatano saa nne asubuhi huweza kubaki nalo kwa muda mrefu. Kwa hiyo amueni siku mapema, lakini saa iacheni iamuliwe na bei.

Tiketi za kuvuka mipaka kwa kawaida huanza kuuzwa kama miezi 6 kabla, nanyi basi anzeni kutazama Januari. Maombi ya visa ya Schengen nayo hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na visa moja inatosha kwa Ujerumani, Austria na Cheki. Msinunue tiketi isiyorudishiwa fedha kabla visa haijatoka. Deutsche Bahn, reli ya Ujerumani, ina tiketi nafuu za aina mbili. Super Sparpreis ndiyo ya chini kabisa na haighairiwi. Sparpreis inazidi kidogo, ila inaweza kughairiwa kabla ya siku ya safari kwa kukatwa ada. Mnaosubiri visa, chukueni hiyo ya pili. Zote mbili zinakufunga kwenye treni uliyoichagua.

Sasa watoto, maana hapo ndipo familia huokoa au hupoteza fedha nyingi. Kwa Deutsche Bahn, mtoto wa chini ya miaka 6 hahitaji tiketi. Wa miaka 6 hadi 14 akisafiri na mzazi halipi, lakini lazima aingizwe kwenye tiketi wakati wa kununua. Ukimsahau, ndani ya treni anahesabiwa kuwa hana tiketi. Kampuni nyingine humtoza nauli ya mtoto. Ndiyo maana treni ileile moja inaweza kuwa na bei mbili kwa wauzaji wawili. Tuseme, kwa mfano tu, Prague hadi Berlin Deutsche Bahn inataka euro 38 kwa mtu mzima, na České dráhy, reli ya Cheki, inataka 27. Ya pili inaonekana rahisi. Lakini ikiwatoza watoto wawili euro 14 kila mmoja, jumla ni 82, wakati Ujerumani mnalipa 76. Linganisheni jumla ya familia, tena kwa sarafu moja, kwa kuwa Wacheki huandika bei kwa koruna.

Munich hadi Vienna, tazameni Deutsche Bahn na ÖBB ya Austria, ambayo tiketi yake nafuu huitwa Sparschiene. Vienna hadi Prague, tazameni ÖBB, České dráhy na RegioJet, kampuni binafsi yenye treni zake. Kila kipande ni kama saa nne au zaidi kidogo bila kubadili treni.

Jaribuni pia kutafuta kwa mtu mzima mmoja. Mfumo ukiombwa viti vingi unaweza kuruka hadi ngazi ya bei yenye viti vyote hivyo, ingawa ngazi ya chini ilikuwa bado na kimoja au viwili. Mkiona tofauti, nunueni mara mbili, kila mtoto akiwa kwenye tiketi ya mzazi mmoja.

Tiketi ya Deutsche Bahn haina kiti ndani yake. Kiti hulipiwa kando. Si lazima, ila Julai na watoto watatu tunawasihi mlipie, hata cha yule wa miaka 4. Saa nne mapajani ni nyingi.

Angalieni saa pia. 08:30 ya kwao ni saa mbili na nusu asubuhi, na 20:30 ni saa mbili na nusu usiku. Miji nayo iandikeni kwa majina ya wenyeji: München Hbf, Wien Hbf, Praha hl.n. (Hbf na hl.n. ni vifupisho vya stesheni kuu).

SWALI: Nasikia kuna pasi ya kupanda treni zote Ulaya. Dada aliyeko Ufaransa anaweza kutununulia Interrail?
Msomaji, Tabora mjini

JIBU: Interrail ni ya wakazi wa Ulaya. Ninyi mnaoishi Tabora yenu ni Eurail. Kila mtu mzima anaweza kuchukua watoto wawili wa chini ya miaka 12 bila kulipia pasi zao. Lakini treni za kasi za Ufaransa (TGV) na za Italia, pamoja na Eurostar inayounganisha London na bara la Ulaya, zinadai malipo ya kiti juu ya pasi, na mtoto naye hulipiwa. Kwa safari tatu au nne zenye tarehe zinazojulikana, tiketi nafuu za mapema mara nyingi zinaishinda pasi. Pasi inafaa wanaotaka kuamua asubuhi waende wapi.

SWALI: Treni ya kwanza ikichelewa nikaikosa ya pili?
Msomaji, Kasulu

JIBU: Kama safari yote iko kwenye tiketi moja, una haki ya kuendelea na treni inayofuata bila kuongeza nauli. Ukifika umechelewa kati ya dakika 60 na 119, sheria ya Umoja wa Ulaya inakupa fidia ya asilimia 25 ya nauli, na kuanzia dakika 120 asilimia 50, isipokuwa pale kampuni inapothibitisha sababu zilizo nje ya uwezo wake, kama hali mbaya mno ya hewa. Ukinunua vipande mbalimbali kwa kampuni mbalimbali, kampuni ya pili haina wajibu wowote kwako. Hapo acha nafasi ya saa nzima kati ya treni na treni.